Mchumba Wangu Alimnusa Mjomba Mdomo

"Fungua mdomo!"

Mjomba akafungua. Alikuwa amelowa chapachapa, anatetemeka, kiwiko kinavuja damu.

Mchumba wangu akainama, akasogeza pua karibu kabisa na meno ya mzee wa watu. Akanusa. Kisha akaruka nyuma huku amejiziba pua kwa leso.

"Amelewa!" akalitangazia gati zima. "Kama mnabisha, nuseni wenyewe!"

Nao wakanusa... mmoja baada ya mwingine, kama wanaochagua samaki wa jana.

Mimi nilikuwa nimempakata mama yangu sakafuni. Mfupa wake wa bega ulikuwa umevunjika. Kila akivuta pumzi, analia.

Nami, jamani, kwa dakika ile, nilimwamini mchumba wangu.

Naomba mnisome taratibu. Kazi yangu ni kupima rangi kwenye maabara ya kiwanda. Nimezoea ushahidi kwanza, machozi baadaye.

Mjomba ni kaka yake mama, nahodha wa boti ya abiria. Zamani alikuwa mlevi, tena mlevi wa kuokotwa mtaroni. Aliacha nikiwa sekondari na hakurudi. Lakini mnajua watu. Ukiwahi kuanguka mara moja, wanakuhesabia hata unapoinama kufunga kamba za viatu.

Mchumba wangu ndiye mwenye pampu ya mafuta pale gatini, na ni pampu pekee. Wanamwita Mstaarabu. Shati limepigwa pasi, leso nyeupe mfukoni, "samahani" na "tafadhali" kila sentensi.

Siku ile mama alikuwa anavuka kwenda kwa fundi cherehani kujaribu gauni atakalovaa harusini, mimi nikabaki gatini. Harusi yangu na Mstaarabu.

Katikati ya maji mashine ikakohoa, ikazima. Mjomba akavuta kamba... kimya. Akavuta tena... kimya! Mkondo ukaibeba boti hadi kwenye nguzo ya daraja, ikajipiga ubavu, watu wakamwagika majini.

Wachimba mchanga waliokuwa wanapita waliwaokota wote. Hakufa mtu.

Sasa, sheria ya gati letu ni hii: nahodha akipata ajali, ananuswa kabla hajaulizwa. Pua ikisema pombe, leseni inakaa kwa mwenyekiti wa gati mpaka kikao. Kikao kikithibitisha, hashiki tena usukani maisha yake yote.

Mjomba hana shamba, hana duka. Ana boti.

Nilimkuta kwenye korido ya hospitali, nje ya wodi ya mama.

"Mjomba, niambie ukweli. Ulikunywa?"

"Sikunywa, mwanangu."

"Lakini mdomo unanuka."

"Kwani mimi sina pua? Nimepiga mswaki mpaka fizi zimechoka. Nikicheua tu, inarudi!"

"Asubuhi ulitia nini mdomoni?"

"Chai. Na mpira."

"Mpira gani?"

"Mpira wa mafuta, mtoto wewe! Unadhani mafuta yanatoka kwenye dumu kwa kuombwa? Unanyonya mpira, yakija unauchomeka kwenye tangi. Manahodha wote tunafanya hivyo. Leo nikameza funda."

"Nani alikuona?"

"Si huyo mwenzio! Alikuwa amesimama pembeni yangu. Akaniambia, 'Pole mzee wangu, tema, usimeze.'"

Nikageuka kuondoka.

Alimwona akinyonya. Alimwona akimeza. Halafu akamnusa mbele za watu na kujifanya ameshtuka!

Nilikwenda gatini moja kwa moja. Boti ilikuwa imevutwa juu, ubavu umepasuka. Nikafungua tangi.

Petroli safi ina harufu kavu. Inapanda puani, inachoma, inaondoka. Iliyotoka mle ilikuwa na utamu mzito unaokaa kooni kama tunda lililooza kwenye mfuko uliofungwa. Naijua harufu hiyo. Ni spiriti, ndugu ya pombe, ile tunayosafishia vyombo kiwandani.

Kumbe hicho ndicho mjomba alichomeza.

Lakini pua si ushahidi. Pua ndiyo iliyomponza mjomba.

Nilichukua chupa nyembamba inayoonyesha ndani, nikatia maji kidogo, nikachora mstari pale maji yalipoishia. Juu yake nikamimina mafuta ya tangi lile. Nikafunga, nikatikisa, nikasubiri.

Petroli na maji havichangamani. Ikiwa petroli ni safi, maji yatarudi palepale kwenye mstari. Ikiwa ina spiriti, spiriti inaikimbia petroli na kujiunga na maji, na tabaka la chini linanenepa.

Lilinenepa... likapita mstari kama maziwa yanayotaka kufurika.

Nikanunua mafuta kwenye pampu ya Mstaarabu, kwa mtumishi wake, bila kumwambia sababu. Nikatikisa.

Yaleyale.

Nikaingia ofisini kwake.

"Mpenzi! Mama anaendeleaje?"

"Mafuta yako yana spiriti. Nyingi."

Akacheka kidogo. "Magari yanajaza hapa kila siku. Umesikia gari gani limezima?"

"Gari limefunga tangi lake vizuri na linamaliza mafuta haraka. Tangi la boti lina tundu la hewa na linalala juu ya maji. Spiriti inakunywa unyevu. Ikishiba, inaachana na petroli, inazama chini. Mpira wa mashine unavuta mafuta kutoka wapi?"

Akaishika leso yake.

"Unavuta chini," nikamwambia. "Mama yangu alizimikiwa na mashine inayonyweshwa maji na spiriti."

Uso ukambadilika. Akakaa. Machozi yakamlengalenga, nayo yalikuwa mazuri, yana mpangilio.

"Basi nimetapeliwa na walioniuzia. Mimi pia nimeumizwa!"

"Kwa hiyo utawaambia kikaoni?"

"Sasa hapo... tufikirie. Mjomba ana historia yake. Hakuna atakayeshangaa. Mzee apumzike tu, nitamtafutia kazi ya ulinzi, akae na redio yake. Kwa nini tuharibu majina mawili wakati moja lilishaharibika?"

Alisema hivyo huku ananipangusa vumbi begani. Kwa ileile leso.

Nilitoka nje nikatapika kwenye ndoo ya mchanga ya zimamoto.

Siku ya kikao banda la gati lilijaa. Mwenyekiti, mama mstaafu wa forodha asiyecheka na mtu, alikaa mbele. Mjomba kwenye benchi, kofia mkononi. Mstaarabu alikuja na mama yake mzazi, bibi mdogo wa mwili mwenye fimbo, anayejivunia mwanawe kama tuzo ya kitaifa.

Nikaweka chupa mbili mezani. Nikaeleza. Nikatikisa mbele yao, wakaona tabaka la chini linavyonenepa.

Watu wakaguna.

Mstaarabu akasimama. Leso ikatoka.

"Ndugu zangu, nami nimejua juzi tu! Nimelia. Mimi ni mfanyabiashara mdogo, nauza ninacholetewa. Tafadhali, msinihukumu kwa dhambi ya mwingine."

"Maskini!" mtu akasema nyuma.

"Kweli, angejuaje?" mwingine akadakia.

Niliona banda zima linalainika. Hata mjomba, mzee wa watu, alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma!

Nikatoa chupa ya tatu.

"Haya nayo yametoka wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Kwenye tangi la boti yake Mstaarabu; nilichota jana. Ile nyeupe, mashine mpya, anayotembezea marafiki."

Nikatikisa. Nikaiweka mezani. Tukasubiri.

Mstari haukusogea hata unywele.

"Petroli safi," nikasema. "Miezi yote hii nimepanda gari lake, na buti haikosi madumu ya bluu. Nilimuuliza, akaniambia ni maji ya kusafishia vioo; kumbe ni petroli. Mwenye pampu ananunua mafuta mjini na kuyabeba mpaka kwenye boti yake, iliyofungwa hatua chache kutoka kwenye pampu yake. Mtu asiyejua atahangaika hivyo kwa nini?"

"Ilikuwa siku moja tu!" Mstaarabu akaruka. "Pampu ilikuwa na foleni! Mafuta yangu hayana shida kubwa kiasi hicho, huyu ananichukia!"

Hapo bibi akagonga fimbo sakafuni.

"Nyamazeni. Mwanangu hadanganyi."

Akainuka. Akatoka nje polepole, sote tukamfuata. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye boti nyeupe, akakamata ukingo, akapanda. Akakaa. Akapanga khanga yake magotini.

"Toa hayo ya mjini. Jaza ya pampu yako. Nivushe, warudi wakutake radhi."

"Mama..."

"Jaza, mwanangu. Waone."

Mtumishi wa pampu akaleta dumu, akaliweka miguuni pa Mstaarabu. Mkondo ulikuwa na nguvu siku hiyo. Kutoka pale tulipo, nguzo za daraja zinaonekana vizuri kabisa.

Akalitazama dumu. Akatazama nguzo. Leso ilikuwa mkononi, imekunjwa ndani ya ngumi.

"Mama," akasema, sauti imekauka. "Shuka."

"Nasema nivushe!"

"Mama, shuka... tafadhali."

Hakuna aliyehitaji kunusa kitu chochote tena.

Bibi alikaa pale kwa muda, anamtazama mwanawe kama anayetazama mgeni aliyevaa nguo za mtu anayemjua. Kisha akanyoosha mkono ashushwe. Mstaarabu akakimbilia kumsaidia. Bibi akaurudisha mkono, akaunyoosha upande wa mjomba.

Mjomba ndiye aliyemshusha.

Pampu ilifungwa jioni ileile, na mambo yake sasa yako polisi. Harusi haipo. Msiniulize kama inauma. Kinachonisumbua ni kwamba leso ile iliwahi kunifuta machozi.

Mwenyekiti alirudisha leseni kwa mikono miwili na kuomba radhi hadharani. Mjomba akaipokea, akasema, "Haina neno, mama. Ila mkitaka kuninusa tena, mnifahamishe mapema ninunue pipi." Banda zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka sana.

Mwenye boti, soma kitabu cha mashine yako. Weka petroli safi, isiyolala muda mrefu, na kama ina spiriti, isizidi kiasi ambacho kitabu kinaruhusu. Dumu la mtu usiyemwamini, litie kwenye chupa kwanza. Na mpira, tafadhali, usiunyonye kwa mdomo.

Wasio na boti nao wana lao. Mtu akikuuzia kitu, akikuhubiria kitu, akikuapia kitu, usimtazame machozi. Tazama anachojiwekea yeye mwenyewe.

Yule bibi bado anavuka. Anapanda boti ya mjomba, kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Kabla mashine haijavutwa kamba, anasema neno moja tu, bila kumwangalia mtu usoni:

"Chupa."

Na mjomba anamtikisia.