Nafasi ya Jina la Baba

Gwa! Gwa! Gwa!

Sauti ilitoka shambani. Jua lilikuwa halijachomoza, na mtu na mti bado walifanana.

"Shemeji!" Lydia aliita kutoka uani. "Unafukuza ndege gani saa hizi? Ndege wenyewe bado wamelala!"

"Wakiamka watanikuta!" alijibu Noeli Mazengo. Akalipiga tena debe lake tupu kwa kipande cha nondo. Gwa!

Ulikuwa mwezi wa Agosti. Zabibu za Hombolo zilikuwa zimeanza kuiva, na kila mwenye shamba alipiga debe. Lakini Noeli alianza mapema kuliko wote, kwa sababu usingizi ulikuwa umemkimbia. Ndege walikuwa kisingizio tu.

Frida, binti wa Lydia, alikuwa amefaulu kidato cha sita. Alikuwa amechaguliwa kusomea uuguzi chuo kikuu. Katika ukoo mzima wa Mazengo hakuna aliyewahi kufika huko. Noeli mwenyewe alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni kanisani, akiyafuata maneno kwa kidole. Zabibu zao zilitosha unga, mboga na sare za shule. Ada ya chuo kikuu ilikuwa mlima mwingine. Frida angesoma kwa mkopo wa serikali, au asingesoma. Na zilibaki siku kumi na mbili tu kabla ya muda wa kuomba mkopo kwisha.

Jana yake, Noeli na Frida walikuwa wamekwenda mjini, Chang'ombe, kwenye duka moja la steshenari lenye kompyuta. Kijana wa dukani alijaza maombi huku akitafuna karanga.

"Baba yupo hai?" aliuliza.

"Huyu unayemwona ni mzuka?" Noeli alisema, akajipiga kifua.

Kijana alicheka. "Jina la baba?"

"Noeli Mazengo. Andika vizuri."

Frida alifungua mdomo, kisha akaufunga. Fomu ikatoka kwenye printa. Maombi yenyewe yalikuwa hayajatumwa bado. Kwanza fomu ilihitaji sahihi na muhuri wa afisa mtendaji wa eneo lao. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya muhuri.

Saa mbili kamili, Noeli alikuwa mlangoni kwa mtendaji. Frida alikuwa nyuma yake, ameikumbatia bahasha. Noeli hakukaa kwenye benchi. Alitembea mpaka kwenye tangi la maji, akarudi. Akaenda tena.

"Baba, kaa basi," Frida alisema. "Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa nitalipuka."

Mtendaji alikuwa Bi Rukia, mama mmoja kutoka Kondoa. Miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Shikamoo, mzee Noeli."

"Marahaba, mama. Tumeleta kazi ndogo tu. Piga muhuri, tuondoke, ndege wanakula zabibu."

Bi Rukia alivaa miwani. Aliweka fomu upande huu, cheti cha kuzaliwa cha Frida upande ule. Alisoma, akarudia kusoma. Muhuri ulikuwa karibu na mkono wake, lakini mkono haukuugusa.

"Mzee wangu, hapa siwezi kupiga muhuri."

"Wino umekwisha?"

"Wino upo. Fomu inasema baba wa Frida ni Noeli Mazengo, yupo hai. Cheti cha kuzaliwa kinasema baba yake ni Augustino Mazengo. Sasa huyu Augustino yuko wapi?"

"Alikuwa kaka yangu. Alifariki. Frida alikuwa na miaka minne."

"Pole sana. Basi Frida ni yatima wa baba, na fomu inatakiwa kusema..."

"Usilitamke neno hilo!" Noeli alipiga meza. Kalamu zikaruka. "Nani yatima? Mimi nikiwa hai? Ninyi watu wa Kondoa mnajua kuuza vitunguu. Mambo ya ukoo wetu mtayajulia wapi?"

"Na ninyi Wagogo mnajua kukaza shingo," Bi Rukia alijibu bila kupandisha sauti, akiokota kalamu zake. "Kaa, mzee wangu. Nieleze huo ukoo."

Noeli hakukaa. Alieleza akiwa amesimama. Siku ya kumaliza matanga, wazee walimkabidhi fimbo ya kaka yake mbele ya watu wote. Wakamwambia, "Kuanzia leo, baba wa watoto hawa ni wewe." Tangu siku hiyo Frida na mdogo wake Witness hawakumwita jina lingine ila baba. Neno yatima halikuwahi kutamkwa katika boma lile. Mwaka mmoja mwalimu alimpa Frida madaftari ya bure, ya watoto waliofiwa. Noeli aliyarudisha yote shuleni siku hiyohiyo, kwa mguu, juani. Akauza mbuzi, akanunua mengine.

Bi Rukia alisikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya kazi ya baba, hilo halina ubishi," alisema. "Lakini fomu haiulizi nani amemlea. Inauliza nani aliyeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Vyeti hivi vinahakikiwa, na majina yasipolingana, maombi yanakwama. Tena mwishoni mwa fomu mnaapa kwamba yote mliyoandika ni kweli. Kuapa uongo ni kosa la jinai. Nikikupigia muhuri hapa, nimekuchimbia shimo, na Frida ndiye atakayetumbukia."

"Yule kijana wa mjini alisema haina shida."

"Yule kijana hataitwa kujieleza. Utaitwa wewe." Bi Rukia alikisukuma cheti cha kuzaliwa kuelekea kwa Noeli. "Nikuulize. Hiki cheti nani alikifuata?"

Noeli alikitazama. Alikikumbuka vizuri. Mwaka ule barabara ilikatika kwa mvua. Augustino alikwenda mjini kwa mguu, akarudi na matope mpaka magotini, na cheti kikiwa kikavu ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya shati.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo.

"Alikifuata yeye. Jina lake limo humu kwa jasho lake. Na wewe jana ulilifuta."

Noeli alitoka nje kama aliyemwagiwa maji. Alifika kwenye tangi, akashika ukuta wake. Frida akamfuata.

"Baba."

"Ulijua?"

"Nilijua. Niliogopa kukuambia." Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini alimtazama usoni. "Sikumbuki sura yake, baba. Sina hata picha yake. Nina jina lake tu. Liache."

Noeli aliuachia ukuta wa tangi. Kisha alirudi ndani, na mara hii alikaa kwenye kiti.

"Niambie njia," alisema. "Polepole. Mimi ni msomaji wa kidole."

Bi Rukia alichukua karatasi. Aliandika kwa herufi kubwa huku akieleza.

"Kwanza, cheti cha kifo cha Augustino. Mnacho?"

"Alifia nyumbani, homa ya siku tatu. Tulizika. Nani aliwaza cheti?"

"Wengi hawawazi. Kifo kikitokea nyumbani, njooni kwa mtendaji mara moja, kiandikishwe. Kikichelewa inawezekana bado, ila kazi inaongezeka. Ukoo ukae, mwandike muhtasari wa kikao: nani alifariki, lini, wapi, nani anafuatilia cheti. Wote mliokuwepo mtie sahihi. Mimi nitaandika barua. Mtapeleka kwa msajili wa vizazi na vifo wa wilaya. Akitaka kiapo, mtaapa kwa hakimu au wakili."

"Halafu?"

"Cheti kikitoka, kihakikiwe na wakala wa usajili, pamoja na cha kuzaliwa. Maombi ya Frida hayajatumwa, kwa hiyo atarekebisha mwenyewe sehemu ya baba. Atachapa fomu upya. Nitaisaini, itaapiwa, itarudishwa kwenye mtandao kurasa zote, ndipo atume. Na abaki na nakala." Akamgeukia Frida. "Neno la siri la maombi yako analo nani?"

"Kijana wa dukani."

"Libadilishe leo. Na usome mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka huu, wote. Hubadilika kila mwaka. Usifuate alivyofanya jirani mwaka juzi."

Noeli aliuliza lile lililomchoma. "Na mimi? Katika fomu yote hiyo, mimi sipo?"

Bi Rukia alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Upo. Anahitaji mdhamini. Mtu mzima mwenye kitambulisho cha Taifa, atakayeweka jina lake, picha yake na sahihi yake, kwamba mtoto huyu anamfahamu na anasimama naye. Umpate wapi mwingine?"

Jioni ile Lydia alimuuliza Noeli tarehe. Msajili angetaka tarehe kamili.

"Ilikuwa masika," Noeli alisema. "Mtama ulikuwa unachanua."

"Mtama hauna tarehe, shemeji. Twende kaburini."

Noeli alikuwa hajafika pale kwa miaka mingi. Kila mara alikuwa na shughuli. Alipiga magoti mbele ya msalaba wa saruji, akafuta vumbi kwa mkono wa shati. Akaweka kidole kwenye herufi.

"A-u-gu-sti-no," alisoma. "Tarehe 17. Machi. 2011."

Lydia aliandika.

Jumamosi ukoo ulikaa. Mzee mmoja alinung'unika, "Karatasi za nini? Marehemu tunamjua wote."

"Serikali haimjui, babu," Noeli alisema. "Kwao kaka bado yu hai. Kwenye vitabu vyao hajazikwa, na mtoto anazuiliwa mkopo." Muhtasari ulipofika mkononi mwake, aliandika jina lake kwa herufi moja moja. Hakuna aliyemharakisha.

Jumatatu, kabla ya saa mbili, Noeli na Lydia walikuwa mjini kwa msajili. Foleni ilikuwa ndefu. Noeli alikaa, akasimama, akakaa. Zamu yao ilipofika, karani aliuliza, "Kitambulisho chako, mzee?"

Noeli alipapasa mifuko. Koti hakuwa nalo. Kwa haraka ya alfajiri alikuwa ameliacha shambani, limetundikwa juu ya nguzo ya mizabibu. Kitambulisho kilikuwa ndani yake.

"Umewavalisha ndege koti lako," Lydia alisema. Alijaribu kununa, akashindwa, wakacheka wote wawili, na karani naye akacheka.

"Leteni kesho," alisema karani. "Vingine viko sawa. Barua hii imeandikwa vizuri."

Kesho yake Noeli alikipeleka. Siku zikawa zinakimbia kama maji ya korongo. Cheti cha kifo kilitoka Alhamisi. Frida alituma vyeti vyote viwili vihakikiwe, kisha wakasubiri. Ijumaa, kimya. Jumamosi, kimya. Jumapili Noeli alitoka ibadani mara tatu kumuuliza Frida kama simu imelia.

"Baba, nimeizima. Tuko kanisani!"

Jibu liliingia Jumatatu asubuhi. Vyeti vimehakikiwa. Ilibaki siku moja.

Safari hii Frida alikaa mwenyewe mbele ya kompyuta, katika duka jingine. Noeli alisimama nyuma ya kiti chake, akisoma kioo kwa kidole.

"Baba mzazi: Augustino Mazengo. Amefariki," Frida alisoma.

Noeli aliitikia kwa kichwa. "Sawa. Endelea."

"Mdhamini: Noeli Mazengo. Uhusiano?"

Kidole cha Noeli kilibaki hewani. Frida aligeuka, akamtazama, akasubiri.

"Baba mdogo," alisema Noeli. "Andika ukweli wote."

Bi Rukia alisoma fomu mpya, mstari kwa mstari. Kisha akaushika muhuri. Pwa! Hakimu aliwaapisha saa nane mchana. Saa kumi kasoro, Frida alihesabu kurasa, akazikagua mara mbili, akabonyeza kutuma. Noeli alidai nakala ichapwe papo hapo. Aliibeba kifuani, chini ya shati.

Mwezi wa Oktoba, Frida alikuja mbio kutoka nyumbani mpaka shambani, simu mkononi.

"Nimepata! Baba, nimepangiwa mkopo! Ada, chakula na malazi!"

Noeli alilinyanyua debe, akalipiga kwa nguvu zake zote. Gwa! Gwa! Gwa! Majirani walitoka kuangalia ndege. Hapakuwa na ndege.

Wiki hiyohiyo mjane mmoja, jirani yao, alikuja kuuliza habari za cheti cha kifo cha mumewe. Noeli alimsomea ile karatasi ya Bi Rukia yenye herufi kubwa, kisha akamsindikiza mpaka kwa mtendaji.

Asubuhi ya safari, begi la Frida likiwa tayari mlangoni, Noeli aliwaita yeye na Lydia. Wakaenda wote watatu kaburini. Noeli alivua kofia. Mkononi alikuwa na ile nakala, imekunjika pembeni kwa kushikwashikwa.

"Kaka," alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba. "Nilitaka kukaa mahali pako hata kwenye karatasi. Nisamehe. Jina lako limerudi. Langu lipo chini yake, na hapo nimeridhika." Alishika bega la Frida. "Sasa sikia. Siku mtoto huyu atakapomaliza, nitamleta hapa na cheti chake. Nitapiga magoti, nitaweka kidole, nami nitakusomea chote, herufi kwa herufi, nikianza na jina lake na lako. Nakuahidi, kaka."