Fentaye Katika Kundi la Mnyama

Kila alasiri, msichana Wubalem alipotoka shule, alivua viatu mlangoni, akala kipande cha injera, mkate mwembamba wa chachu, kilichobaki asubuhi, kisha akaingia katika chumba cha baba yake kusaga rangi. Alisaga udongo mwekundu, mkaa na mawe ya manjano mpaka yawe laini kama unga. Mikono yake ilinukia gundi hata alipokuwa darasani.

Baba yake, Getnet, alikuwa mchoraji wa makanisa. Alichorea nyumbani, juu ya kitambaa kikubwa cha pamba, na kazi ilipokwisha wanaume walikibeba hadi kanisani wakakibandika ukutani. Kabla ya kuanza picha alifunga siku saba. Kwa sababu hiyo watu wa kijiji walisema mkono wake unaongozwa na watakatifu.

Mwaka ule wazee wa kanisa walikuwa wameomba, kwa ajili ya sikukuu ya kanisa, picha ya mwisho wa dunia, kama Yohana alivyoiona katika maono. Juu alikuwapo joka jekundu. Katikati mnyama mwenye vichwa saba na pembe kumi alikuwa akitoka baharini, na kando yake alisimama nabii wa uongo. Chini lilipiga magoti kundi la watu wa mnyama, wenye chapa yake kwenye paji la uso.

"Kesho naenda mjini Gondar kutafuta rangi ya buluu," baba alisema. "Nitarudi baada ya siku tatu. Nyuso za hawa wa chini nakuachia wewe."

Wubalem alidhani hakusikia vizuri. "Mimi, Baba? Nyuso?"

"Wewe. Unakumbuka tunavyowachora?"

"Watakatifu wanatutazama, kwa hiyo wana macho mawili. Waovu tunawachora kwa upande, jicho moja tu."

"Kwa nini?"

"Ili mtu anayesali asitazamane nao."

Baba alicheka, akampaka tone la rangi nyekundu puani.

Kesho yake furaha hiyo iliharibika darasani. Mwalimu Ayalew alikuta madaftari mawili ya hesabu yenye majibu yaleyale, hata kosa lilelile. Moja lilikuwa la Wubalem. La pili lilikuwa la Fentaye, binti wa Dasash mfinyanzi.

"Fentaye, umenakili kwa Wubalem?" mwalimu aliuliza.

Fentaye alisimama. Alikuwa msichana mwembamba mwenye kovu la moto shavuni, alilolipata tanurini kwa mama yake alipokuwa mdogo. "Hapana, Mwalimu," alisema polepole. "Yeye ndiye aliyechukua daftari langu wakati wa mapumziko."

Ilikuwa kweli. Wubalem alipigishwa magoti mbele ya ubao hadi kengele ilipolia, huku wavulana wa nyuma wakimwigiza.

Alirudi nyumbani macho yakimwasha. Alichukua brashi nyembamba, akaanza kazi aliyoachiwa. Uso wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne mkono ukaenda wenyewe. Alichora shavu jembamba, akaweka kovu. Alichora jicho moja kubwa, na mgongoni mtungi wa udongo. Mwisho akachovya brashi katika rangi nyeusi, akapiga chapa ya mnyama kwenye paji la uso. Moyo wake ukatulia kidogo.

Wakati huo Abebaw, mvulana wa jirani aliyesoma naye, aliingia kuomba makaa ya moto. Alisimama mbele ya kitambaa, mdomo wazi.

"Ala! Si Fentaye huyu?"

"Sijui," Wubalem alisema.

"Hujui nini? Kovu lile pale! Kumbe watakatifu wamemfunulia baba yako! Ngoja niwaambie wenzangu." Akatoka mbio, makaa akayasahau.

Wubalem angeweza kumwita. Angeweza kusema, "Nimechora mimi, kwa hasira." Alifungua mdomo, akaufunga.

Watu wa kijiji walinunua vyungu vya wafinyanzi, lakini waliwaogopa wafinyanzi wenyewe. Walinong'ona kwamba wana jicho baya, na kwamba usiku wanageuka fisi. Mfinyanzi alipopita, akina mama walifunika chakula cha watoto. Sasa minong'ono ikawa sauti. Watoto walimfuata Fentaye njiani wakiimba, "Jicho moja! Jicho moja!" Jumamosi sokoni vyungu vya Dasash vilishinda juani.

"Siwezi kupikia wanangu kwenye chungu cha watu wa mnyama," mwanamke mmoja alisema, na wengine wakajivuta pembeni.

Fentaye hakwenda shule tena. Mwalimu alipouliza yuko wapi, Abebaw alijibu, "Amebaki nyumbani kuota mkia, Mwalimu!" Darasa zima likacheka. Wubalem alitazama dawati tupu.

Jioni hiyo mama yake alikuwa akikaanga kahawa. "Maskini Dasash anafunga mizigo," alisema. "Baada ya sikukuu anahamia kwa dada yake ng'ambo ya mto. Yule binti ataacha masomo, maana huko hakuna shule."

Wubalem aliinuka bila kungoja kahawa. Aliingia chumbani, akalowesha tambara, akaanza kusugua uso wa Fentaye. Rangi ilisambaa tu. Jicho lilikua kubwa zaidi, na kovu likawa kama donda bichi. Akasugua huku akilia.

"Utatoboa picha, mwanangu." Baba alikuwa mlangoni, vumbi la safari mabegani.

Wubalem alimweleza yote: daftari, magoti, Abebaw, na ule ukimya wake. Baba hakumpiga wala hakupaza sauti. Aliketi chini mbele ya picha, akaitazama.

"Umemchora vizuri sana," alisema. "Hilo ndilo linaloniuma."

"Mfute, Baba. Tafadhali."

"Kumfuta ni kazi ya dakika kumi. Lakini watu wameshambeba huyu binti mpaka sokoni, na wanaamini amechorwa na mimi. Huko brashi yangu haifiki."

"Nikisema ni mimi, watu watanicheka. Hawatakubali nishike brashi tena."

"Huenda," baba alisema. Alimfuta machozi kwa pembe ya shuka lake. "Nitakuwa karibu yako. Lakini kusema utasema wewe."

Siku ya sikukuu, baada ya ibada, wanaume sita walikifungua kitambaa uani mwa kanisa. Wanawake walipiga vigelegele. Kisha watu wakaanza kusukumana, wakitafuta chini ya picha. Palikuwa na nyuso tatu, halafu pengo jeupe, halafu vichwa vya mkaa visivyopakwa rangi.

"Yuko wapi yule wa kovu?" mtu aliuliza.

"Binti yangu atawajibu," Getnet alisema.

Wubalem alisogea mbele. Karibu na ukuta wa nje, mahali pa wafinyanzi siku zote, alimwona Mama Dasash amesimama na Fentaye.

"Nilimchora mimi," alisema.

"Sauti!" Abebaw alipiga kelele.

"Nilimchora mimi! Baba hakuwapo. Nilinakili hesabu za Fentaye, na yeye akasema ukweli, nikamkasirikia. Hakuna mtakatifu aliyenionyesha kitu. Nilidanganya kwa brashi, halafu nikanyamaza. Fentaye, nisamehe. Mama Dasash, nisamehe."

Mama Dasash aliweka chini kapu lake, akamtazama Wubalem kwa macho yaliyochoka.

"Umesema vizuri," alisema. "Lakini wengi husema vizuri. Njoo."

Alimega kipande cha mkate wa sikukuu, akampa Fentaye. "Mlishe mwenzako."

Watu wakavuta pumzi. Tangu alipoanza kutembea, Wubalem alikuwa ameambiwa asile mbele ya macho ya mfinyanzi, sembuse kutoka mkononi mwake. Alijua ni maneno tu, lakini tumbo lake lilikuwa halijajua. Alimtazama Fentaye. Naye aliogopa: mkate aliushika kwa mikono miwili.

Wubalem akafungua mdomo. Akala. Mkate ulikuwa mtamu, wenye harufu ya majani ya mgomba ambamo ulikuwa umeokwa.

"Na mimi je?" Ilikuwa sauti ya Abba Tekle, kasisi mzee. "Nimefunga tangu jana, na mnaninyima zamu." Akainama mbele ya Fentaye, ndevu zikigusa mkono wake, akalishwa. Watu kadhaa wakacheka kwa aibu, na mama yake Wubalem akasogea kuwa wa tatu.

Abba Tekle alipomaliza kutafuna, aliwageukia watu.

"Kila mwaka mnaniuliza: Abba, mnyama ni nani? Ni mfalme gani? Ni jirani yupi? Wanangu, Yohana hakutaja jina la jirani yetu hata mmoja. Alituonyesha joka ili tuitambue kazi yake, na kazi yake kubwa ni kuwasingizia watu. Wiki hii kijiji kizima tumemfanyia joka kazi hiyo bila mshahara, na tumemfanyia juu ya mtoto. Leo mtoto mwingine amekataa kuiendeleza. Anayesema uongo aharakishe kuurudisha mwenyewe, tena mahali uliposikika. Na anayesikia neno baya juu ya mtu asilibebe kabla ya kuuliza."

Mchana huo wanawake wanne walikwenda kwa Dasash kununua vyungu. Si wote, lakini wanne walitosha kumfanya afungue mizigo.

Jumatatu Fentaye aliketi kwenye dawati lake. Wubalem alihamisha daftari lake na kuketi karibu naye. Mwalimu akageukia ubao.

"Eti," Fentaye alinong'ona, "nilitoka vizuri?"

Wubalem aliona haya, akainamisha kichwa. "Baba anasema vizuri sana."

"Basi siku moja nichore tena," Fentaye alisema. "Macho mawili."