Sauti Iliyojua Inachotaka

Ukitaka kumjua mtu, usimsikilize kazini. Msikilize anapoulizwa swali na mkewe. Bwana Hiari, ndivyo wanafunzi walivyombandika jina, alifundisha fasihi na falsafa. Akifika kwenye udhanaishi aliloa jasho: binadamu hana wa kumwamulia, ajitengeneze mwenyewe au abaki udongo! Nyumbani alikuwa huo huo udongo. Mkewe ndiye aliyemchagulia mashati, marafiki, hata dawa ya meno.

"Mume wangu, chai au uji?" mkewe aliuliza kutoka jikoni jioni moja.

"Chochote tu."

"Chai," ikasema sauti ya Bwana Hiari mwenyewe, kutoka chumbani. "Isiwe na sukari."

Yeye alikuwa sebuleni akisahihisha mitihani. Chumbani hapakuwa na mtu. Harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango. Mwanamume mwingine angepiga kelele. Huyu alikunywa chai na, aibu iliyoje, akaona nafuu.

Sauti ile ilikuwa ya jini, nalo likazoea. Likachagua mapazia, likachagua wageni wa kufukuzwa. Kisha likaamua binti yao aache shule, na mama alipokataa, kucha zikaanza kukwaruza ndani ya kuta, kutoka chumbani hadi sebuleni, zikapanda darini, zikashuka nyuma ya kitanda cha binti, harufu ile ikiingia kwenye unga na kwenye mashuka, na Bwana Hiari kasimama katikati ya nyumba, mdomo wazi, akingoja mtu amwambie akimbilie wapi.

Shangazi wa mke akaleta mganga, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi. Akamketisha mwalimu mkekani, akammwagia maji, akaliuliza jini linataka nini.

"Mwulizeni yeye kwanza," likajibu kwa kinywa cha mwalimu.

Mganga akamshika kidevu. "Sema, 'Nataka utoke.' Mimi siwezi kukusemea, mwanangu. Sema upesi."

Mwalimu akamgeukia mkewe. "Mke wangu... wewe waonaje?"

"Usiniulize mimi," mke alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Nimekuamulia kila kitu, labda ndivyo nilivyokumaliza. Hili ni lako. Sema, nakuomba, sema!"

Akamtazama mganga. Akamtazama shangazi. Akatazama sakafu.

"Basi naamua mimi," likasema jini, kwa upole kabisa. "Mmoja atoke. Yeye."

Mwili ukaanguka kifudifudi, ukatulia, kisha ukainuka na kujifuta maji usoni. Harufu ilikuwa imekwisha. Shangazi akashusha pumzi, akasema amepona. Mganga alikuwa anarudi nyuma.

Binti akachungulia, sauti chini. "Baba, nifunge mlango au niache wazi?"

"Funga," alijibu papo hapo.

Mama yake akaanza kupiga mayowe.