Makaburi Kumi na Moja ya Mzingani

Harufu ilianzia chumbani kwa Christina. Ulikuwa moshi wa kufukuzia nyuki, ilhali sakafu ya nyumba nzima ilikuwa vigae vitupu, hakuna moto wala mzinga.

Mama yake, Specioza, aliijua harufu ile. Miaka sita nyuma, mtaa huu wa Mzingani, pembezoni mwa Mpanda, ulikuwa msitu wa miombo wenye mizinga ya nyuki ya Wabende, wenyeji wa huko. Yeye alikuwa karani wa upimaji. Fomu iliuliza kama kuna makaburi. Aliyaona kumi na moja, yamezungushiwa mawe. Akaandika: *pori tupu*. Tingatinga likapita, mabati mekundu yakaenea, likaja kanisa, ukaja msikiti, na Specioza akapewa kiwanja cha kona.

Siku ya pili adhuhuri mtu alikohoa chini ya vigae. Siku ya tatu Christina, mtoto wa miaka saba, alikataa chakula, akalala sakafuni, sikio chini, akaanza kuzungumza Kibende, lugha ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha, akinyamaza kusikiliza, akiitikia, akicheka taratibu kicheko cha mzee asiye na meno.

Mume wa Specioza, Cletus, alimleta mganga Lyamba kutoka Ugalla. Mzee aliinama, akasikiliza.

"Ni jini, babu?" Specioza alinong'ona.

"Mimi simfukuzi huyu. Nyie ndio mliomkuta hapa."

"Anataka nini?"

"Useme ulichoandika. Mbele ya watu. Leo, kabla jua halijazama."

Jioni ile kulikuwa na mkutano wa mtaa. Specioza alisimama. Aliwaona majirani kwenye viti vya plastiki, watu waliojenga tofali kwa tofali. Akamwona Cletus akitikisa kichwa: kazi itapotea, nyumba itabomolewa, utafungwa.

"Sema, mama," alihimiza mwenyekiti Maduhu.

"Nilitaka kuuliza… maji ya bomba yanafika lini?"

Watu wakapiga makofi. Akaketi, machozi yakimlenga.

Walipofika nyumbani jua lilikuwa limezama na harufu imekatika. Christina alikuwa ameketi sebuleni, amekula, uso mkavu, mikono magotini.

"Karibu, mwanangu," mtoto alimwambia Specioza. "Umetokea wapi?"

Cletus aliita kwa sauti iliyopasuka: "Christina! Christina!"

Mtoto aligeuka kutazama nyuma yake, aone ni nani anayeitwa.