Kinywa Kati ya Vikombe Viwili

Chai ilianza kupotea hewani. Sitatia chumvi, maana hadithi za majini hapa Juba zimeshatiwa chumvi ya kutosha: jini lenye kwato, jini lenye kanzu, jini lililopanda boda likashuka bila kuonekana. Upuuzi mtupu! Hili la mtaa wa Hai Mauna halikuwa na kwato wala kanzu. Lilikuwa na koo, basi, na koo hilo lilikuwa na kiu.

Kibanda chenyewe kilikuwa nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma, na watu walikiita Malesia. Mwenye kibanda aliitwa Sanyu, Mganda mfupi mwenye mikono minene, aliyepika kwa miaka katika mkahawa mmoja wa mji wa Ipoh, huko Malesia kwenyewe, kabla ya kuja Juba kujitafutia. Alikuja na mapishi yao kichwani. Roti ya kurushwa na kukunjwa mpaka ina matabaka, mchuzi wa dengu, wali wa nazi wenye dagaa wa kukaanga, karanga, yai na pilipili ya kukutoa machozi. Asubuhi mabenchi yalijaa na wengine walikula wamesimama, sahani mkononi.

Lakini chai ya kuvuta ndiyo iliyowaleta zaidi, na hiyo ilikuwa kazi ya Kisakye, mdogo wake Sanyu. Unachukua vikombe viwili vya bati, kimoja kina chai ya moto yenye maziwa mazito ya kopo. Unainua cha juu, unashusha cha chini, unamimina, chai inanyooka hewani kama kamba na kutua na povu. Kisakye alikuwa na mbwembwe zake, na wateja walimchochea. "Juu! Juu zaidi!" Akapanda stuli. Akapanda benchi. Asubuhi moja akapanda juu ya meza, akakiweka kikombe cha chini kwenye stuli mbele yake na kumimina kutoka kule, watu wakapiga makofi.

Kikombe cha chini kilipata nusu.

"Umemwaga," Sanyu akasema.

"Sijamwaga, dada. Angalia mwenyewe."

Stuli ilikuwa kavu. Ardhi ilikuwa kavu. Puok, kijana wa Kinuer aliyekulia Nairobi na ambaye hakukosa kiamsha kinywa hapo hata siku moja, akaionja ile nusu na kukunja uso.

"Maze, hii chai iko baridi! Na si nimeiona ikitoka na moshi sai hivi?"

Wakacheka, wakaendelea kula. Kesho yake ilikuwa vilevile, hata Kisakye alipomimina akiwa amesimama chini kama kawaida. Chai ilitoka moto, ikafika baridi, na haikufika yote. Halafu vidole vya mkono wake wa kulia vikaanza kufa ganzi. Aliviweka karibu na jiko la makaa, akavisugua kwa mafuta, vikabaki baridi na rangi ya majivu.

Sanyu alifanya ambalo mtu yeyote angefanya: alisali, halafu akajaribu kuwa na adabu. Akajaza glasi moja, akaiweka pembeni, akanong'ona, "Hii ni yako, utuache." Glasi ikaisha bila mkono kuigusa. Asubuhi iliyofuata chai ilipotea kama zamani, na baridi ilikuwa imepanda mpaka kwenye kiwiko cha Kisakye.

"Dada," Kisakye alisema kwa sauti ndogo, "nikimimina nasikia kama kuna mtu ananinyonya."

Ndipo wakamwita Lokosang. Huyu alikuwa kujur, mganga wa mambo ya roho, na alifika kwa pikipiki amevaa jezi ya mpira, simu mbili mfukoni. Alimwomba Kisakye amimine kidogo tu. Kisakye akamimina, na wote waliokuwa kwenye mabenchi wakaona chai ikishuka kutoka kikombe cha juu, nzito, inatoa moshi, ikafika katikati, usawa wa kifua cha mwanamume, na hapo ikakatika kana kwamba hewa imefungua mlango, na chini yake hakikutoka kitu ila tone moja moja, na kwenye ule uwazi wakasikia gugu, gugu, gugu, sauti ya mtu anayemeza kwa pupa, na ikaja harufu ya chuma chenye kutu na matope ya mfereji uliooza, na aliyekuwa na roti mdomoni hakuweza kuimeza wala kuitema.

Lokosang akamvuta Sanyu kando. Alinong'ona, macho yake hayakuondoka kwenye ule uwazi.

"Ya Mama, hii kitu ilikuwa inapita tu. Kila asubuhi inapita, haina shida na mtu. Nyinyi mkaweka chai kwa mdomo yake. Sasa imejua tamu. Inakunywa moto ya chai, na inakunywa moto ya huyu msichana pia."

"Dawa?"

"Dawa mafi, hakuna. Funga kibanda. Msichana apande basi leo, avuke Nimule, arudi Uganda. Hiyo baridi ikifika kwa moyo, kalas, amekwisha."

"Akivuka, mkono utapona?"

Lokosang alitazama viatu vyake. "Sijui, Mama."

"Banange! Hujui!" Sanyu akapandisha sauti, na watu kwenye mabenchi wakageuka. "Nimpakie mgonjwa kwenye basi kwa sababu hujui? Risasi zimelia mji huu, nikajificha, nikatoka, nikawasha jiko. Watu wa bunduki wamenifukuza hapa nikarudi. Leo nifukuzwe na koo? Koo tu, halina hata miguu!"

"Nyamaza, Mama, linasikia."

"Lisikie! Nani anajificha?"

Msidhani hakuogopa. Lakini alimtazama Kisakye, mdogo wake wa pekee, ameukumbatia mkono wake uliokufa kama mtoto mchanga, midomo imeanza kupauka, na hasira ikaipita hofu.

"Kisakye. Panda juu ya meza."

"Dada, mkono hausikii."

"Tumia wa kushoto. Panda."

Kisakye akapanda, analia. Sanyu akasimama chini yake, pale pale ambapo chai ilikuwa ikikatika, akafunga leso vizuri kichwani.

"Mimina."

Chai ikashuka, na gugu, gugu ikaanza, karibu kabisa na sikio lake, na Sanyu akafumba macho, akaingiza uso wake wote katika ule mkondo wa moto na kufungua mdomo, na akakutana na mdomo mwingine, baridi kama bati la alfajiri, laini, mpana kuliko wa binadamu, ukinyonya, na ukaanza kumnyonya yeye pia, ulimi wake ukafa ganzi, meno yakauma mpaka kwenye mizizi, na kwa mbali akamsikia Kisakye akipiga kelele na Puok akiita jina la Mungu, na badala ya kujitoa akasogea ndani zaidi, akakaza taya.

Akang'ata.

Kilio kilichotoka hapo kiliyatikisa mabati ya paa, na chai yote iliyokuwa mezani ikapoa ghafla na kushika utando. Sanyu hakuachia. Aling'ata kama mtu anayekata mshipa wa nyama ngumu, akatikisa kichwa, kitu kikakatika, na hewa ikafunga. Chai ikashuka yote, moto, ikamwunguza kidevu na shingo.

"Dada!" Kisakye alipayuka kutoka juu ya meza. Alikuwa amekihamishia kikombe mkono wa kulia bila kujua, na mara akakitupa. "Kinachoma! Dada, kinaniunguza!" Alicheka na kulia pamoja, akivionyesha vidole vyake vilivyokuwa vimerudiwa na rangi.

Watu wakapiga vigelegele. Puok akarukaruka kama timu yake imefunga bao. Lokosang peke yake ndiye hakufurahi. Alikuwa anakagua ardhi, chini ya meza, chini ya mabenchi, halafu akamsogelea Sanyu polepole.

"Mama," alinong'ona. "Kile uling'ata. Umetema wapi?"

Sanyu akajipangusa mdomo kwa leso. Kidevu chake kilikuwa kimeanza kutoa malengelenge, na ndani ya tumbo lake kitu cha baridi kilikuwa kinajigeuza, kinatafuta njia.

"Sikutema. Lilitaka kummaliza mdogo wangu. Nimelila."

Lokosang akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akagonga pikipiki yake. Tumbo la Sanyu likatikisika, wote wakaona. Akalipiga kofi moja.

"Tulia humo," akaliambia. Kisha akachukua donge la unga na kuligeukia benchi la mbele. "Haya, nani hajala?"