Aliyegongewa Chini ya Uwanja

Mtambo ulikuwa umezimwa, lakini ardhi iliendelea kutetemeka.

Mpimaji aliikodolea macho kompyuta yake pale hemani. Kazi hii aliijua fika: mtambo unaigonga ardhi mara tatu, mawimbi yanapita chini, na palipofukiwa bomu udongo hutikisika vingine, doa jekundu likatokea kwenye kioo. Mumewe, mteguaji, hulifuata doa kwa miguu, masikioni hana kitu ila sauti ya mkewe redioni. Siku kumi na moja walikuwa wakigonga hivyo, tatu tatu, wala hakuna aliyefikiri kwamba anayebishiwa hodi siku zote hizo huenda akachoka kunyamaza.

Sasa, mchana kweupe, mapigo matatu yalipanda kutoka chini, na hema likajaa harufu ya nywele zilizoungua. Madoa yote yakaanza kutembea taratibu, kama siafu waliopata njia, yakimzunguka mumewe.

"Simama hapo hapo," alinong'ona redioni. "Usiinue mguu, baba watoto."

Akasimama. Halafu redio ikasema tena, kwa sauti ile ile ya mkewe: "Nimekosea. Songa hatua mbili kulia."

Mpimaji hakuwa amefumbua mdomo.

Mumewe alicheka, akamtania kwamba uzee umemwanza mapema, akainua mguu. Woga ulimshika mpimaji, akapiga kelele redioni akajisikia anacheka, akatoka hemani ampungie mkono na mkono ukakataa kupanda, na muda wote huo mguu wa mumewe ulikuwa hewani ukitafuta pa kukanyaga, na kitu kile cha chini ya ardhi kikamwambia mpimaji sikioni, kwa chuki, bila haraka yoyote: "Mmebisha hodi wenyewe. Mmoja ataingia."

"Mwache yeye," alisema. "Nitaingia mimi."

Mumewe akashusha mguu. Hapakulipuka kitu.

Mpimaji alipofumbua macho palikuwa giza, udongo umemjaa mdomoni, viungo vyote vimebanwa. Juu yake zilipita hatua za buti alizozizoea miaka tisa. Akaita, akaita tena. Huko juu alimsikia mumewe akiuliza kama uwanja umesafika, na sauti yake mwenyewe ikimjibu kwamba umesafika kabisa, afunge vyombo, watoto wanawasubiri nyumbani.