Nakala Imekamilika

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kompyuta, mtu wa mizaha asiyeamini hata ndoto zake. Kikohozi kilikuwa kimemganda wiki nzima. Siku hiyo aliingia chumba cha mitambo kisicho na dirisha, akapanga ripoti ya ulinzi wa data iwe inajituma yenyewe kila asubuhi, ithibitishe kuwa vyote vilivyomo humo vimenakiliwa kwenye mitambo pacha, katika jengo la ng'ambo ya mji. Ripoti ya majaribio ikaingia: "Nakala imekamilika."

Papo hapo umeme ukakatika. Feni zikanyamaza, giza likawa totoro, mlango wa umeme ukagoma kufunguka. Akampigia mlinzi wa lile jengo la pili.

"Kaka, huko umeme upo?"

"Umekatika. Lakini fundi, ndiyo nini kunipita bila hata salamu? Nakusikia humo ndani unakohoa."

"Acha utani! Mimi niko huku."

"Haya, sikiliza mwenyewe."

Mlinzi akaegesha simu mlangoni. Rafiki yangu akaziba mdomo, akabana pumzi. Kule kikohozi kikaendelea, kikavu, kilekile chake. Kisha sauti yake mwenyewe ikasema taratibu, "Kaka, mlango umegoma. Nifungulie."

"Usifungue!" akapiga kelele, lakini simu ilikuwa mlangoni, si sikioni.

Akasikia ufunguo ukizunguka.